Kichujio hakioni picha: kupakua vipindi vya runinga bila kumaliza bando

Kupakua video moja si kazi tena. Unanakili kiungo, unakibandika kwenye programu, unasubiri. Kazi huanza pale unapotaka vipindi vije vyenyewe kila siku, vile unavyovitaka tu, bila takataka. Kituo kikubwa cha habari hapa Nairobi hupandisha mtandaoni mahojiano ya asubuhi, kipande cha dakika mbili cha mwanasiasa akizomewa, taarifa kamili ya saa moja usiku na matangazo ya moja kwa moja ya mazishi. Kisha hayohayo hukatwa tena kuwa video fupi za wima za kutazamwa kwenye simu. Ukiiambia programu ilete vyote, italeta vyote. Bando litaisha kabla ya Jumatano, na ukifungua folda utakuta kile ulichokitaka kimefunikwa na vitu ambavyo hukuviomba.

Jambo ambalo maelekezo mengi huliruka ni kwamba programu hizi hazitazami video. Hazijui kama anayezungumza ni mtangazaji au mchekeshaji. Zinasoma maelezo yaliyoambatana na video: kichwa, tarehe, urefu, jina la kituo, ubora wa picha, lugha ya sauti. Kila kichujio, yaani sharti unaloipa programu la kuchagua video, hufanya kazi juu ya maelezo hayo na si zaidi ya hapo. Kwa hiyo kijana anayeandika vichwa vya video kule chumba cha habari, awe ameandika kwa utulivu au kwa haraka ya kwenda kupanda matatu, ndiye anayeamua kama kichujio chako kitafaulu. Nusu ya malalamiko ninayosikia kuhusu programu za kupakua ni malalamiko ya maelezo mabovu.

Na atakayeuliza kwa nini mtu ahangaike hivi kwenye mji wenye intaneti ya waya, ajue waya haujafika kila ploti. Wapo wanaoishi kwa bando la simu. Wapo wanaofika nyumbani saa tatu usiku, taarifa ya saa moja ikiwa imepita, na safari ya Thika Road asubuhi ndiyo nafasi yao pekee ya kutazama. Wapo wenye wazazi ushago ambao runinga wanayo, stima wanayo, bando hawana, na flashi inayotoka mjini na kijana wao mwisho wa mwezi ndiyo intaneti yao.

Hewani kwanza

Watu husahau kwamba vipindi vingi vya hapa bado vinapita hewani bure. Mitambo ya analojia ya Nairobi ilizimwa Februari 2015, katikati ya mvutano uliofanya NTV, KTN na Citizen zipotee kwenye runinga kwa karibu wiki tatu. Tangu mwaka huo matangazo yote ya runinga ya ardhini ni ya dijitali, kwa mfumo wa DVB-T2, na ndiyo maana kila nyumba ikahitaji king'amuzi au runinga yenye king'amuzi ndani yake.

King'amuzi kingi cha bila malipo ya mwezi kina tundu la USB. Chomeka flashi, bonyeza kitufe cha kurekodi, na kipindi kinaandikwa kama kilivyokuja hewani. Hakili bando hata kidogo. Pamoja na picha na sauti, mawimbi hayo hubeba ratiba: jina la kipindi, saa ya kuanza, urefu wake, wakati mwingine na maelezo mafupi. Ukichagua kipindi kwenye ratiba na kukiwekea alama ya kurekodi, king'amuzi kitajiwasha chenyewe. Lakini kama kituo hakijaijaza ratiba hiyo, au kimeandika neno moja, "Burudani", kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, unabaki kuweka saa kwa mkono kama tulivyofanya enzi za kanda.

Anayetaka kichujio halisi cha matangazo ya hewani ahamie kwenye kompyuta. Kifaa kidogo cha USB kinachopokea DVB-T2, antena, na programu ya bure iitwayo Tvheadend kwenye mashine inayotumia mfumo wa Linux, hata ile ndogo ya Raspberry Pi, vinatosha. Tvheadend inakubali kanuni: rekodi chochote kwenye kituo hiki ambacho jina lake lina neno fulani, kinachoanza kati ya saa fulani na fulani, Jumatatu hadi Ijumaa, kisichopungua dakika kadhaa. Inasoma ratiba hiyohiyo ya hewani. Ratiba ikiwa tupu, kanuni zako zote hazina cha kushika, na hapo njia iliyobaki ni saa.

Kuna faida moja ya kurekodi hewani ambayo mtu wa Nairobi ataithamini. Matangazo ya dijitali husafiri katika pakiti ndogo za baiti 188 kila moja, na faili inayorekodiwa, kwa kawaida yenye mwisho wa .ts, ni mlolongo tu wa pakiti hizo. Stima ikipotea dakika ya arobaini, dakika arobaini za mwanzo bado zinatazamika. Faili ya MP4 si hivyo. Kielelezo chake cha ndani, kinachoonyesha picha ipi iko wapi, mara nyingi huandikwa mwishoni kabisa, na ikikatika kabla ya hapo unabaki na gigabaiti moja ambayo hakuna kichezeshi kitakachoifungua. Kama mtaa wenu stima ni ya kubahatisha, rekodi kwa .ts, ugeuze baadaye.

Mtandaoni, video huja vipande vipande

Kipindi unachokitazama mtandaoni kwa kawaida hakiji kama faili moja ndefu. Kimekatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kimetayarishwa kwa viwango kadhaa vya ubora. Kinachofika kwanza kwenye simu yako ni maandishi: orodha ya vipande na mahali vilipo. Katika mfumo wa HLS, ulioletwa na Apple mwaka 2009, orodha hiyo ni faili yenye mwisho wa .m3u8, na unaweza kuifungua kwa programu yoyote ya kuandikia ukaisoma. Ipo pia DASH, iliyochapishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, yenye wazo lilelile.

Unapotazama moja kwa moja, kichezeshi huruka kutoka kiwango kimoja hadi kingine kadiri mtandao unavyopanda na kushuka, ndiyo maana sura ya mtangazaji hugeuka ukungu ukipita chini ya daraja. Programu ya kupakua haifanyi hivyo. Inachagua kiwango kimoja tangu mwanzo na kukichukua chote, hata kama itakawia. Mtandao dhaifu utakuchelewesha lakini hautakuharibia picha.

Kiwango unachochagua ndicho kichujio cha kwanza, na ndicho kinachogusa mfuko. Hesabu yake ni nyepesi: baiti moja ni biti nane, kwa hiyo megabiti moja kwa sekunde ni megabaiti 450 kwa saa. Video ya 480p (picha yenye mistari 480) inayotumia takribani megabiti moja itakula megabaiti 450 kwa saa. Ya 1080p inayotumia tano itakula gigabaiti 2.25. Taarifa ya habari yenye urefu wa saa nzima kwa siku tano ni gigabaiti 2.25 kwa ubora wa kwanza na gigabaiti 11.25 kwa wa pili, na mtangazaji atakuwa amevaa suti ileile. Kwa simu, 480p inatosha. Kwa mjadala wa watu wanne wamekaa mezani, picha yenyewe ni anasa: chukua sauti peke yake kwa kilobiti 128, na saa nzima haifiki megabaiti 60.

YouTube, kwa ubora wa juu, huweka picha na sauti kando, na programu ya kupakua huviunganisha kwa msaada wa programu nyingine, ffmpeg. Ffmpeg isipokuwepo, unaweza kupata ubora wa chini, au faili mbili, moja bubu na nyingine kipofu. Mtu akikwambia video zake hazina sauti, muulize kwanza kama ameiweka ffmpeg.

Kuchuja kwenyewe

Programu inayotumika sana kwa kazi hii leo ni yt-dlp. Ni mtoto wa youtube-dl, iliyoanza mwaka 2006. Oktoba 2020 chama cha kampuni za muziki za Marekani, RIAA, kiliifanya iondolewe GitHub, ghala la mtandaoni la misimbo ya programu. Mwezi uliofuata ikarudishwa. Yt-dlp haina vitufe vya kubonyeza, unaiandikia amri. Hilo huwatisha wengi, wakakimbilia tovuti zenye kitufe kikubwa cha kijani na matangazo matatu ya kamari chini yake. Mimi ningemshauri mtu aogope zaidi kitufe hicho.

Hii hapa amri moja, nzima, ya kuchukua taarifa za habari za wiki kutoka ukurasa wa kituo:

yt-dlp -I 1:60 --dateafter today-7days --match-filters "duration > 1500 & title ~= '(?i)habari'" -S "res:480,vcodec:h264,acodec:aac" --download-archive nishapakua.txt KIUNGO

Neno KIUNGO mwishoni ni mahali pa kubandika kiungo cha ukurasa huo. Tuichambue, kwa kuwa kila sehemu inafundisha kitu kuhusu maelezo yanavyosomwa.

Sehemu ya duration inasema video izidi sekunde 1500, yaani dakika 25. Hiki ndicho kichujio ninachokiamini kuliko vyote. Kichwa hubadilika na matakwa ya mwandishi, urefu haudanganyi. Kipande cha mwanasiasa akizomewa hakifiki dakika 25, na taarifa kamili ya habari haipungui hapo. Kwa namba moja umeondoa vipande, vionjo na video za wima. Tena umeondoa kitu ambacho hukukitaja: matangazo yanayoendelea moja kwa moja. Hayo hayana urefu bado, na yt-dlp ikikuta maelezo yanayoulizwa hayapo, huihesabu video kuwa imeshindwa. Ukitaka isiihukumu hivyo, unaongeza alama ya kuuliza baada ya alama ya kuzidi. Alama moja tu, na mtu anaweza kukesha akijiuliza kwa nini programu inang'ang'ania kurekodi mkutano wa hadhara ambao haujaisha.

Sehemu ya title inatafuta neno "habari" kwenye kichwa, na ile (?i) inaiambia isijali herufi kubwa wala ndogo. Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Kituo kimoja kitaandika "Taarifa ya Habari", kingine kitaandika jina la kipindi na tarehe, kingine kitaweka habari kuu ya siku kwa Kiingereza ingawa taarifa yenyewe ni ya Kiswahili. Wiki hii kichujio kinafanya kazi, wiki ijayo mhariri mpya ameanza kuandika vichwa kwa mtindo wake, na neno lako limetoweka. Kabla hujaandika neno lolote, fungua ukurasa wa kituo usome vichwa vya siku kumi zilizopita. Ukiona havina mpangilio, liache neno, utegemee urefu. Na kama kituo chenyewe kimepanga taarifa kamili katika orodha yake ya kucheza, tumia kiungo cha orodha hiyo badala ya ukurasa mzima. Kazi ya kuchuja itakuwa imeshafanywa na mwenye mali.

Tarehe nayo, ile --dateafter today-7days inayoomba za siku saba zilizopita, ina vituko vyake. Binamu yangu aliniuliza: "Kaka, nimeiambia ilete za Jumanne peke yake, mbona hii iliyopandishwa Jumanne saa saba usiku haikuja?" Haikuja kwa sababu yt-dlp husoma tarehe ya kupandishwa kwa saa za ulimwengu, UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Kwa programu hiyo Jumanne huanza saa tisa usiku wa Nairobi. Video yoyote inayopandishwa kati ya saa sita na saa tisa usiku inahesabiwa kuwa ya jana, na huo ndio muda ambao vituo vingine humalizia kupandisha vipindi vya jioni. Dawa ni kuomba siku moja zaidi ya unayoitaka.

Tena tarehe haipo kwenye orodha ya ukurasa wa kituo. Ili kuijua, programu hulazimika kufungua video moja baada ya nyingine. Kituo chenye maelfu ya video kitaifanya izunguke usiku kucha ikifungua na kukataa, ikifungua na kukataa, ingawa za wiki hii ilizimaliza dakika za mwanzo. Kazi ya -I 1:60 ni kuikomesha: tazama sitini za juu, za karibuni kabisa, halafu acha.

Sehemu ya -S inapanga upendeleo: 480p, picha ya H.264, sauti ya AAC. H.264, njia ya kubana picha, si mpya, ni ya mwaka 2003, na VP9 na AV1 zinabana zaidi, ila runinga ya miaka kumi kule nyumbani haizijui hizo mbili. Itakuonyesha jina la faili na kuandika kwamba haiwezi kuifungua. H.264 inachezeka karibu kila mahali.

Mwisho ni nishapakua.txt. Kila video inayokamilika, programu huandika humo mstari mmoja wenye jina la tovuti na alama ya video, ambayo kwa YouTube ni herufi na tarakimu kumi na moja. Kesho ukiendesha amri ileile, chochote kilichomo kinarukwa. Amri hiyo unaweza kuiweka kwenye kipanga kazi cha kompyuta ikajiendesha alfajiri wakati nyumba nzima imelala na mtandao hauna wa kuugombania.

Kabla ya kuiachia ifanye kazi peke yake, ongeza neno --simulate. Itapita hatua zote bila kupakua chochote, ikuonyeshe ilichokubali na ilichokataa. Ni dakika chache zinazookoa gigabaiti.

Suala la kuondoa matangazo ya biashara ndani ya video huulizwa sana. Ipo huduma ya SponsorBlock, ambayo yt-dlp inaielewa, lakini hainusi matangazo. Inategemea watazamaji waliojitolea kuweka alama mahali tangazo linapoanza na linapoisha. Video ambayo hakuna aliyeitia alama inabaki ilivyo. Kwa rekodi za hewani ipo Comskip, inayotafuta picha nyeusi kati ya matangazo na kupotea kwa nembo ya kituo pembeni. Hiyo ndiyo programu pekee katika makala haya ambayo kweli hutazama picha, na hukosea mara nyingi: kituo kikiiacha nembo yake juu wakati wa tangazo, inapotea njia.

Wajerumani wana orodha

Ukitaka kuona kuchuja kunavyokuwa pale maelezo yanapoandikwa na watu wanaoyajali, tazama MediathekView. Ni programu ya bure ya Ujerumani, yenye madirisha na vitufe, inayoshughulika na vituo vya umma: ARD, ZDF, 3sat, Arte na pia Deutsche Welle. Ukiifungua, inapakua kwanza orodha moja iliyobanwa yenye mamia ya maelfu ya vipindi. Kuanzia hapo unachuja ndani ya kompyuta yako mwenyewe: kituo, mada, kichwa, urefu wa chini na wa juu, siku ngapi zilizopita. Kila unapoandika herufi, jedwali linapungua. Video haijaguswa bado, na bando limetumika kwa orodha peke yake.

Ina vitu viwili ambavyo navionea wivu. Cha kwanza ni orodha ya makatazo: matoleo ya lugha ya ishara, matoleo yenye maelezo ya sauti kwa wasioona, vionjo. Kila kimojawapo kina mtu anayekihitaji, lakini usipokuwa wewe, unakizuia mara moja na hukioni tena. Cha pili ni usajili: unahifadhi kichujio, na kila orodha inapoletwa upya, vipindi vipya vinavyolingana nacho hupakuliwa vyenyewe. Ni ile amri yetu ndefu, ikiwa imevaa suti.

Imewezekana kwa sababu za kisheria na kifedha kuliko za kiufundi. Tangu mwaka 2021 kila kaya ya Ujerumani inatozwa euro 18.36 kwa mwezi kugharamia vituo vya umma. Mkataba wa majimbo wa mwaka 2009 uliviamuru vituo hivyo kuviondoa vipindi vingi mtandaoni baada ya siku saba, ili visiwanyime soko wachapishaji binafsi. Watu waliokwisha kulipa hawakupenda kuona mali yao ikifutwa kila wiki, na hamu ya kujiwekea nakala ikaongezeka. Masharti hayo ya siku saba yalilegezwa mwaka 2019, ila mazoea yamebaki.

Ukiwa Nairobi unaweza kuitumia MediathekView bila hila yoyote. Orodha yake ina safu inayoonyesha kipindi kinaruhusiwa nchi zipi. Filamu za kigeni na michezo mara nyingi zimefungiwa Ujerumani, Austria na Uswisi, lakini makala za Deutsche Welle ziko wazi. Waingereza nao wana get_iplayer kwa vipindi vya BBC, ambayo kwa runinga haikufai ukiwa hapa, kwani iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama mtandaoni, ni ya walio Uingereza.

Hapa kwetu hakuna orodha ya namna hiyo. Kila kituo kina ukurasa wake na mtindo wake wa vichwa, na kwa wengi ghala lenyewe ni YouTube, yaani nyumba ya mtu mwingine. Kwa maoni yangu KBC, kwa kuwa ni shirika la umma, ndilo lingeanza: faili moja ya maandishi kila siku, yenye jina la kipindi, tarehe, urefu, lugha na kiungo. Haihitaji mitambo mipya. Inahitaji mtu mmoja anayeandika vichwa kwa mpangilio uleule kila siku.

Flashi inapokataa

Faili ikizidi gigabaiti nne, flashi nyingi zitakataa kuipokea hata kama zina nafasi. Tatizo si ukubwa wa flashi, ni mpangilio wake. FAT32, ambao flashi nyingi huja nao, hauwezi kubeba faili moja inayozidi hapo. King'amuzi kinalikwepa hilo kwa kukata rekodi vipande. Kompyuta itakuonyesha kosa tu. Unaweza kuibadilisha flashi iwe ya mpangilio mwingine, exFAT, lakini kwanza hakikisha runinga itakakochomekwa inaisoma exFAT, kwani nyingi za zamani haziisomi. Kwa 480p si rahisi kufika huko, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda 480p.

Kuhusu flashi za bei ya kutupa, zile ambazo muuzaji anakwambia "boss, hii ni terabaiti mbili, original": zipo ambazo ndani zina gigabaiti 32 na programu ndogo inayodanganya kompyuta. Zinapokea kila unachoziwekea, zinaonyesha majina yote ya faili, na ukifika ushago nusu ya vipindi havifunguki. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza flashi na kuisoma tena hadi uongo ujulikane. Fanya hivyo ukiwa bado na risiti mkononi.

Sheria inasemaje

Watu hupenda jibu la ndiyo au hapana, nalo halipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi ya binafsi, uhakiki na kuripoti matukio ya sasa. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1984, katika kesi ya mashine za Betamax za Sony, kwamba kurekodi kipindi cha runinga ili ukitazame baadaye nyumbani si kosa. Uamuzi huo hautufungi sisi, ila wazo lake ndilo linalowaongoza wengi. Kurekodi taarifa ya habari kwa king'amuzi uitazame saa nne ni jambo moja. Kuijaza kwenye flashi hamsini na kuziuza ni jambo lingine kabisa, na hapo hakuna cha kujitetea nacho.

Juu ya sheria kuna mkataba wako na tovuti. Masharti ya YouTube yanakataza kupakua nje ya njia ambazo huduma yenyewe imeruhusu, isipokuwa kwa idhini ya YouTube na mwenye haki. App yake ina kitufe chake cha kupakua, na vinavyohifadhiwa hivyo vinabaki ndani ya app, haviendi kwenye flashi. Zipo pia video ambazo wenyewe wameziweka chini ya leseni huria ya Creative Commons, na YouTube ina kichujio cha kuzitafuta. App za kulipia, kama Netflix, hufunga video kwa kufuli za kidijitali, na sheria yetu inafanya kuvunja kufuli hizo kuwa kosa lenyewe, hata kama umelipia. Yt-dlp nayo haizigusi. Huko tumia kitufe cha ndani ya app, uridhike.

Matunzo

Programu hizi huharibika bila kuguswa, kwa sababu tovuti zinazosomwa hubadilika. YouTube ikipanga upya kurasa zake Alhamisi, yt-dlp ya Jumatano itaanza kuleta makosa usiyoyaelewa. Kabla ya kutafuta mganga, andika yt-dlp -U ijisasishe. Tangu Novemba 2025, ili isome YouTube kikamilifu, inahitaji pia programu ya kuendesha JavaScript kando yake, kama Deno. Ukikuta amri iliyokuwa ikifanya kazi mwaka jana inalalamika, anza kutazama hapo.

Ukishatazama, futa video upate nafasi. Faili ya nishapakua.txt usiiguse, hata kama inaonekana kama takataka katikati ya folda iliyosafishwa. Ikiondoka, amri ya alfajiri itaiona wiki nzima kuwa mpya na kuipakua tena yote kwa bando lako.